Gurudumu la Mbele Tulilolifungua Kebirigo

Ninyi mnaofungua magurudumu ya pikipiki nyumbani, nyuma ya jikoni, kuku wakipita juu ya nati zenu, nawaandikia ninyi. Sina tumaini kubwa kwamba mtanisikiliza. Nimekaa miaka mingi katika kazi hii na sijamwona kijana aliyeambiwa jambo la breki akalishika kabla halijamuumiza yeye au mtu wake. Lakini nimestaafu, mgongo haukubali tena kuinama, na mikono imezoea kushika kitu. Basi nimeshika kalamu.

Mimi si msomi. Shule niliiacha darasa la sita, kule Marani, baada ya kufungua saa ya mwalimu mkuu nione kinachoisukuma mishale, nikashindwa kuirudisha ilivyokuwa. Tangu hapo nikawa mtu wa kuhamahama. Nimechuma majani chai Kericho, nimebeba mawe ya wachongaji Tabaka, nimeuza miwa Suneka, na nimekaanga mandazi katika hoteli moja ya Kisii mjini mpaka mwenyewe aliponikuta nimeifumua stovu yake wateja wakisubiri chai. Kila mahali nilipofika kulikuwa na kitu kilichofunikwa, nami nilitaka kuona ndani. Pikipiki ndizo zilizonituliza kidogo, na mtu aliyenifundisha kuzituliza ni Mzee Ondieki wa Kebirigo. Sote tulimwita Tata, kama mtu anavyomwita baba yake.

Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, pikipiki hazikuwa nyingi kama leo. Mwenye pikipiki alikuwa afisa wa kilimo, au padri, au daktari wa mifugo aliyezunguka vilimani akipandisha ng'ombe kwa sindano. Zote zilikuwa na breki za dramu. Ukivuta mkono wa breki, unavuta waya, na waya unafungua viatu viwili ndani ya dramu vikabane. Ikilegea, unakaza nati ya waya, basi, unaenda zako. Tata alizijua breki hizo kama mama anavyojua kulia kwa mtoto wake. Alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwake, chini ya upenu, karibu na barabara, na pikipiki ikipanda kilima alikuwa akisema, "Huyo viatu vyake vimekwisha, kesho atakuja." Kesho anakuja.

Alikuwa na sheria moja ambayo mafundi wote wa upande ule waliiiga. Fundi akishafunga breki, hasemi kazi imekwisha. Mwenye pikipiki anakaa mbele, fundi anapanda nyuma, wanashuka pamoja ule mteremko wa kwenda mtoni. Kama breki ni mbovu, mtaanguka wote wawili. Wateja walipenda sana. Hakuna karatasi ya udhamini iliyokuwa na nguvu kuliko mzee mwenye kofia ya sufu aliyekaa nyuma yako akikushika kiuno.

Nakumbuka daktari wa mifugo alipokuja na chupa yake ya baridi, ile yenye mbegu za fahali, akampa Tata aishike wakati wa kushuka.

"Tata, ukiiangusha hiyo, umemaliza ng'ombe wa lokesheni nzima."

"Basi endesha kama umembeba mama yako," Tata akamjibu. "Na ukiniangusha mimi, umemaliza mafundi."

Walirudi wanacheka. Nilicheka pia. Sasa nikikumbuka maneno yale sicheki.

Halafu zikaja pikipiki za diski. Badala ya dramu kuna sahani ya chuma, na badala ya waya kuna mafuta yanayosukumwa ndani ya mpira. Maafisa waliopewa pikipiki mpya hawakusimama tena Kebirigo. Walipita, wakapunga mkono, wakaenda kutengenezewa Kisii mjini. Tata alikuwa akikaa kwenye kigoda chake na kunyoosha vibati visivyohitaji kunyooshwa.

"Huyo aliyepita ni wa kilimo?"

"Ndiye, Tata."

"Amepunga mkono?"

"Amepunga."

"Kupunga mkono si kazi," akasema, akachukua kibati kingine.

Ni lazima mwelewe jambo hili, maana mengine yote yanatoka hapa. Hakuwa na njaa. Alikuwa na chai shambani na ng'ombe wawili wa maziwa. Alichokuwa akikipoteza ni lile jina la fundi. Kwa miaka mingi mtu akipita barabarani alisema, "Fundi, umeamkaje?" naye akaitika. Sasa aliona siku inakuja ambapo watamwita jina hilo kwa kumwonea huruma, kama anavyoitwa mwalimu aliyesahau kusoma.

Ndipo siku moja gurudumu la mbele la Harish likatoboka karibu na upenu wetu.

Harish alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kisii mjini, duka aliloachiwa na baba yake. Alizaliwa pale pale na Kikisii alikiongea vizuri kuliko vijana wengi wa Kikisii. Alikuwa amenunua pikipiki kubwa ya Kijerumani kutoka kwa msafiri mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika, akaugua njiani na kurudi kwao kwa ndege. Ilikuwa nzito kama ndama wa mwaka, na ilikuwa na breki za ABS, kitu ambacho hakuna fundi wa Kisii wala Nyamira aliyekuwa amekigusa. Jumapili Harish aliipanda mpaka Nyamira, akala mahindi ya kuchoma, akarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa anasa yake.

"Bwakire buya, omogaka!" akamsalimu Tata kwa Kikisii, akimwita mzee, jasho likimtoka kwa kuisukuma. "Tazama. Msumari. Sijui kama ni mimi niliyeuuza."

"Ni wako," Tata akasema. "Leo umerudishiwa mali yako."

Mama Kemunto, mke wake Tata, alicheka mpaka akaweka chini kuni alizobeba. Tata hakucheka sana. Alikuwa tayari ameinama mbele ya lile gurudumu, na niliona uso wake umebadilika. Aliniita pembeni.

"Momanyi. Kila afisa anaijua pikipiki hii. Nikiirudisha barabarani mimi, watajua diski zimenifikia. Watasimama tena."

Sasa sikilizeni, nitachanganya tulivyofanya na mnavyotakiwa kufanya, kwa sababu mengi tuliyafanya sawa, na hilo ndilo linaloniuma.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, halafu weka gogo chini ya injini, na gunia juu ya gogo, mpaka gurudumu la mbele liache kugusa ardhi. Sukuma pikipiki kwa mkono. Ikitikisika, hujamaliza. Kisha fungua kalipa, ile ngumi ya chuma inayoikumbatia diski. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ifunge kwa waya kwenye mguu wa mbele wa pikipiki, ule unaoshika gurudumu. Chomeka kipande cha mti kati ya pedi zake, vile vibao viwili vinavyoibana diski, maana kuna mtu atakayekuja kuvuta mkono wa breki kuona kitatokea nini, na pistoni, vile vyuma vinavyozisukuma pedi kwa nguvu ya mafuta, zitaruka nje. Kwetu mtu huyo alikuwa mimi. Tata alinipiga kiganja kabla sijavuta.

"Wewe mkono wako una macho yake yenyewe," akaniambia.

Kwenye breki za ABS kuna vitu viwili zaidi. Kwenye gurudumu kuna pete ya chuma yenye meno mengi madogo, na karibu nayo kuna kidude cheusi kinachoyahesabu meno hayo yakipita. Sisi tulikiita jicho. Jicho likiona gurudumu limekwama ghafla huku pikipiki inaendelea, linaambia mashine ilegeze breki kidogo, ibane, ilegeze tena, ili usiteleze. Harish ndiye aliyetueleza hivyo, kwa jinsi msafiri alivyomweleza yeye. Jicho lisiguse meno, na lisikae mbali nayo. Nafasi ni nyembamba kama kadi. Nyuma ya jicho kuna vibati vyembamba sana vinavyoshikilia nafasi hiyo. Vitoe kwa mpangilio, uviweke mahali pamoja. Tata aliviweka ndani ya kikombe, na nusura Mama Kemunto amimine chai humo.

"Mnanilisha chuma sasa?" akauliza. "Si mngesema mapema niache kupika ugali."

Legeza boliti ndogo zinazobana ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, kabla ya kuigonga ekseli yenyewe. Usigonge kwa nyundo tupu. Tumia mti au shaba. Gurudumu likitoka, lilaze juu ya tairi kuukuu, lisilalie diski wala ile pete ya meno, kwani jino moja likipinda jicho litadanganywa maisha yake yote. Futa jicho kwa kitambaa kikavu. Utakuta limenasa unga wa chuma kama ndevu. Hayo yote Tata aliyafanya bila kufundishwa na mtu. Aliyatambua kwa kutazama tu, taratibu, akipumua kwa pua. Nilimtazama nikajiambia kwamba mtu huyu bado ana miaka ya kufanya kazi.

Tukaziba tundu, tukarudisha gurudumu. Nafasi ya jicho Tata aliipima kwa kipande alichokata kwenye pakiti ya majani chai, kama alivyozoea kupima platini za kuwashia moto kwenye pikipiki ndogo. Harish akawasha injini.

Taa mbili nyekundu zikaanza kumulika mbele ya usukani, zikiwaka na kuzimika.

"Hizo ni za nini?" Tata akauliza.

"Ni za breki," Harish akasema. "Breki ikiwa sawa zinazima. Sijawahi kuangalia zinazima lini."

Basi tukafungua tena. Tata alipunguza nafasi, akaongeza nafasi, akageuza vibati. Kila mara kalipa zinatoka, pedi zinasukumwa nyuma ili diski ipate kuingia, kalipa zinarudi. Anawasha. Taa zinamulika. Akaingiza gia, gurudumu la nyuma likazunguka hewani, taa zikazidi kuchachamaa. Mchana ukapita hivyo. Watu wa sokoni walikuja kutazama, kila mmoja na ushauri wake.

"Toa balbu," mmoja akasema. "Mimi gari yangu ilikuwa inamulika, nikatoa balbu, ikapona."

"Na wewe ukiugua tukutoboe macho?" Tata akamuuliza.

Alikataa kutoa balbu. Nasema hivi ili mjue ni mtu wa namna gani. Fundi mwingine angetoa, akafunika, akala chakula chake.

Leo najua, na nitawaambia kwa maneno machache. Zile taa hazizimi pikipiki ikiwa imesimama. Zinasubiri magurudumu yote mawili yatembee kidogo, jicho lihesabu meno, ndipo zizime. Pengine Tata aliweka nafasi sawa tangu mara ya kwanza. Siku nzima tulikuwa tukitibu kitu kisichoumwa.

Harish mwenyewe ndiye aliyechoka. "Omogaka, tuiteremshe tuone. Labda inataka kutembea."

Waliishusha kwenye stendi. Nami nilikuwa nimekaza boliti zote za kalipa, nikataka kupanda nyuma.

"Shuka," Tata akaniambia. "Wewe umekaza boliti. Breki nimeifunga mimi."

Akavaa kofia yake ya sufu, akapanda, akamshika Harish kiuno. Wakatoka langoni polepole, wakaingia barabarani, pua ya pikipiki ikielekea chini mtoni. Hawakuwa wamefika hata mti wa kwanza wa mkaratusi niliposikia sauti ya Tata, sauti ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake muda mrefu.

"Zimezima! Momanyi, zimezima zote mbili!"

Alikuwa amegeuka nyuma kunitazama, mkono mmoja juu. Nami nikainua wangu. Mama Kemunto akapiga kigelegele pale jikoni.

Chini kidogo mteremko unakuwa mkali, halafu kuna kona, na ng'ambo ya kona ni mashamba ya chai na mtaro wa maji. Harish alivuta mkono wa breki, ukaja mpaka kwenye usukani kama kitambaa. Akaushikilia pale kwa nguvu zake zote, kama mtu anavyoshikilia waya wa dramu. Angeuachia akavuta tena, na tena, ungeshika. Hakujua. Breki ya nyuma peke yake, watu wawili, pikipiki yenye uzito ule, kokoto zilizolegea: haikutosha. Waliingia mtaroni.

Harish alivunjika mfupa wa bega. Tata alivunjika nyonga na kifundo cha mkono wa kulia, na vidole vya mkono huo havikufunga tena. Alilala hospitalini muda mrefu, akarudi kwake akitembea kwa mikongojo, akakaa kwenye kigoda kile kile chini ya upenu.

Watu walisema ni mashine. Wazungu wametengeneza breki inayojilegeza yenyewe, wakasema, si umesikia Harish mwenyewe akieleza kwamba inalegeza na kubana? Basi ililegeza ikasahau kubana. Mama Kemunto aliisimulia hivyo sokoni, na mimi niliiamini. Harish alikuja kila Jumapili, kwa matatu, na sukari na unga, akikaa hapo na bega lake lililopinda na kuomba msamaha kwamba alinunua kitu cha shetani. Na jambo hilo lilimpa Tata nafasi ya kuishi. Wapita njia waliendelea kumwita Fundi. Walimletea maswali, naye akawaelekeza kwa mkongojo: kaza pale, legeza hapa. Hata afisa mmoja wa diski alisimama.

Mimi miguu ikaniwasha, nikaondoka. Nilizunguka mpaka Nakuru, nikapata kufagia katika gereji kubwa, na kwa kuwa siwezi kufagia karibu na kitu kilichofunguliwa bila kuuliza, nikajifunza breki za mafuta. Fundi mmoja pale alimaliza kufunga kalipa, na kabla ya kugusa kitu kingine akavuta mkono wa breki, akaachia, akavuta, akaachia, mpaka ukawa mgumu. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali.

"Ukisukuma pedi nyuma, pistoni zimerudi ndani. Usipopampu, mvuto wa kwanza hauna kitu."

Niliegemeza fagio langu ukutani nikakumbuka kwamba siku ile tulisukuma pedi nyuma mchana kutwa, na hakuna aliyepampu.

Niliporudi Kebirigo nilikuwa na pikipiki ya diski niliyoazimwa. Sikuwa nimekusudia kusema lolote. Lakini Tata aliitazama ile diski, akanitazama mimi.

"Huko ulikokwenda umeziona hizi ndani?"

"Nimeziona, Tata."

"Basi niambie."

"Tata, mambo yalishapita."

"Mimi nimekuuliza kama fundi. Niambie kama fundi."

Nikachukua bisibisi pana, nikasukuma pedi nyuma taratibu. Nikamwambia avute. Mkono wa breki uko kulia, na mkono wake wa kulia haukufunga, kwa hiyo aliusogelea kwa mkongojo akapitisha wa kushoto juu ya usukani. Akavuta. Ukaja wote bila kizuizi.

"Ndivyo ulivyokuwa siku ile?"

"Nadhani ndivyo."

"Sasa?"

"Achia. Vuta tena."

Akavuta, akaachia, akavuta. Ukawa mgumu chini ya vidole vyake. Akausukuma kwa kiganja, haukusogea.

"Irudishe pedi nyuma tena," akasema.

Nikairudisha. Akavuta: mtupu. Akapampu: mgumu. Alinifanya nirudie mpaka nikaomba tuache. Mama Kemunto alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, akitutazama bila kuelewa.

"Kwa hiyo mashine haikuwa na kosa," Tata akasema.

"Hapana, Tata. Lakini dramu haihitaji kupampu. Hakuna aliyekuambia. Hakuna aliyejua, Nyamira nzima."

"Sikuuliza nani alijua." Alirudi kwenye kigoda, akajishusha polepole, akaweka mikongojo chini. "Jumapili Harish akija, umwambie. Aache kuniletea sukari."

Nilimwambia kwamba kila kitu kingine alikifanya sawa, jicho, pete, vibati, na kwamba taa zilizima. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

Vijana, pampuni mkono wa breki. Kila mkitoa gurudumu la diski, liwe na ABS au lisiwe nayo, vuteni na kuachia mpaka uwe mgumu, kabla pikipiki haijatoka kwenye stendi. Ni dogo kiasi hicho.

Wakati wa jioni alipita mtu wa Kebirigo akisukuma baiskeli, akainua mkono kama kawaida.

"Fundi! Umeshindaje?"

Tata alikuwa anatazama barabara. Yule mtu akadhani hajasikia, akasimama, akaita tena kwa sauti zaidi, "Fundi!"

Tata hakuitika. Yule mtu akabaki pale na baiskeli yake, mkono bado uko juu, akinitazama mimi, mpaka ikabidi niitike mimi.